Kinga ya Kompyuta Tano

Jumamosi, Rebero

Eti kompyuta tano! Mimi nina moja tu, tena kuukuu, na yule mwenye duka wa Gikondo ananikazania ninunue kinga ya virusi ya kutosha kompyuta tano.

Nilipomwomba ya bei nafuu, alitikisa kichwa. "Mama, hii mashine iko mgonjwa sana. Usiponunua leo, itabidi nifute kila kitu."

Kila kitu! Humo ndani kuna sauti ya marehemu baba akisimulia jinsi familia yetu ilivyorudi Rwanda kutoka uhamishoni Karagwe, na sina nakala nyingine. Niliogopa mpaka nikafungua pochi. Kisha hasira zikanipanda, nikabeba kompyuta yangu nikatoka.

Jioni wifi yangu Solange, anayefundisha kompyuta sekondari, aliiwasha akashangaa. "Wifi, mbona kinga yake imezimwa? Hii huja na kompyuta yenyewe, bure. Nani aliizima?"

Nani tena! Ni huyohuyo mwenye duka, aliponiwekea programu ya kuandikia mwezi uliopita. Alisema kinga inaipunguzia kompyuta kasi, nami nikamwamini!

Solange aliiwasha tena kinga, ikakagua mafaili yote. Ilikuta kirusi kimoja tu, ndani ya programu ileile aliyoniwekea mwenye duka. Tumekifuta. Sauti ya baba iko salama, na tumeinakili kwenye flashi.

Sasa hivi mwenye duka amenipigia simu. "Mama, umeamua?"

Nimemwambia ndiyo, nimeamua: Jumatatu nitakwenda dukani kwake kueleza mbele ya wateja wake kirusi kilitoka wapi.

Amekata simu.