Gari Lililovutwa kwa Kufuata Sheria

Al Wukair, Doha
Jumatano

Mpendwa kaka Japheth,

Pokea salamu za ndugu yako Reuben kutoka kwenye joto linaloyeyusha soli za viatu. Mguu wako uliokanyagwa na ng'ombe unaendeleaje? Na Mama, amekubali kumeza dawa za presha bila kubembelezwa kama bibi harusi? Mwambie kitinda mimba wake ni mzima, ameongeza kilo, na sare inambana kifuani kama ya jenerali. Nimeandika kwenye karatasi, kisha nitaipiga picha nikutumie, maana kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika ninakokwenda, na leo nina safari ndefu.

Bila shaka mwanao Daisy amekusimulia jinsi ninavyoheshimika hapa. Ni kweli. Kompaundi hii ina vila arobaini, na hakuna gurudumu linaloingia bila mimi kuinua kile chuma cha getini. Nimesimamisha mainjinia, nimesimamisha madaktari, hata bwana mmoja aliyesema ni binamu wa waziri. Nilimwambia waziri mwenyewe akija ataandika jina kitabuni. Mimi huyu wa kidato cha pili, kaka! Kama watu wangejua ninayoyajua kuhusu magari na wenye magari, wangenipa ofisi kwenye maghorofa ya West Bay, juu kabisa, na mtu wa kuniletea chai.

Sasa sikia upuuzi. Miezi miwili iliyopita tuliletewa meneja mpya, Bwana Shaun, kijibwana chembamba kinachovaa miwani ya jua hata kikiwa ndani ya nyumba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika sheria za kuvuta magari. Sheria kumi na moja! Amezifunika plastiki akazitundika getini kama orodha ya vyakula hotelini. Gari likikaa maegesho ya wageni zaidi ya siku tatu, linabandikwa stika ya rangi ya chungwa. Likiziba njia, stika. Likishika vumbi mpaka mtoto aweze kuandika jina lake kwenye kioo, stika. Baada ya stika, mwenye gari apigiwe simu mara tatu, gari lipigwe picha pande zote nne, zipite saa arobaini na nane, kisha askari wa zamu na meneja watie sahihi. Hapo ndipo ije satha, lile lori la mgongo bapa linalobeba magari. Kaka, kwetu mtu huzikwa kwa karatasi chache kuliko hizo.

Ungedhani sheria zote hizo zinamuuma kila mtu. Wapi! Bwana wa vila ya kumi na nne ana gari jeupe, kubwa kama kanisa la mabati, na kila siku huliegesha mbele ya bomba la zimamoto. Nikalibandika stika. Saa moja haikuisha nikamwona Shaun mwenyewe akiibandua kwa kucha, polepole, akitemea gundi mate isiache alama. Nikamuuliza kwa adabu zote hiyo ni sheria ya ngapi. Akasema nisijifanye wakili. Nikamjibu kwamba siwezi, wakili hapewi filimbi. Wenzangu wa zamu walicheka mpaka akakimbilia ofisini. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa tumpigie saluti.

Wiki iliyopita wenye kompaundi wakamuuliza kwa nini ana sheria kumi na moja na hakuna hata gari moja lililovutwa. Akaja getini jasho likimtoka, akasema satha inakuja Alhamisi na haiwezi kuondoka tupu. Nijaze fomu, nimpelekee atie sahihi. Gari lipi? Hakutaka kujua. Alichotaka ni picha ya kuwatumia wakubwa wake.

Yenye stika yalikuwa mawili tu. La kwanza ni la Harun, Mganda, dereva wa familia ya vila ya tisa, anayeishi na mkewe Bella katika chumba cha nyuma. Kigari chake kizee kinaziba njia kwa sababu madereva hawapewi nafasi ya kuegesha. Bella mimba yake ilikuwa imefika miezi tisa. Mtoto wao wa kwanza walimpoteza kule Jinja wakingoja gari ambalo halikufika. Nilimwambia hapa ambulensi huja upesi, akanijibu kwamba hata kule waliambiwa hivyo hivyo. Kila jioni alikuwa akitoka nje kukitazama kile kigari, anashika mlango wake kidogo, anarudi ndani.

La pili, kaka, keti kwanza. La pili lilikuwa la Daisy.

Mimi ndiye niliyemwambia aliache maegesho ya wageni akija likizo kwenu, nikamwapia kwamba hakuna mkono utakaoligusa Reuben akiwa hai. Siku ya nne mlinzi wa zamu nyingine akalibandika. Nami nikaandika namba ya gari la mwanao kwenye fomu. Nilimpigia simu mara tatu kama sheria isemavyo, nikijua vizuri kwamba laini yake ya Qatar imezimwa, imo mkobani nyumbani kwako. Nikapiga picha pande nne. Saa arobaini na nane zikapita, Alhamisi nikatia sahihi, Shaun akatia ya kwake, satha ikalibeba. Ndilo gari la pekee lililowahi kuondolewa hapa bila sheria hata moja kurukwa.

Ijumaa, kabla ya sala ya mchana, uchungu ukamshika Bella. Harun akamwahisha hospitali. Wamepata msichana. Baba mtu alinijia getini analia, akasema Mungu aliipofusha satha isilione gari lake. Sikumsahihisha. Hajui, na wewe usije ukamwambia.

Nimemdharau Shaun katika barua nzima na bado namdharau. Lakini yeye alibandua stika isiyo yake, nami nikatoa sadaka gari lisilo langu. Sikumuuliza Daisy. Ningeweza kumuuliza kupitia kwako, namba yako ninayo, nikaogopa atakataa.

Daisy anatua Jumamosi, na Jumapili asubuhi ana wazee wake wa kuwatibu majumbani huko Al Rayyan. Ile kazi inataka nesi mwenye gari. Yadi ambako satha ililipeleka gari lake hufungwa Ijumaa na Jumamosi, haifunguliwi hadi Jumapili, na gari hapewi mtu mwingine ila mwenyewe, akiwa na kitambulisho. Mabosi wa Harun wako safarini, kwa hiyo atamzungusha kwa wagonjwa wote, kisha ampeleke yadi. Gharama zote ni zangu. Lakini pale dirishani watampa nakala ya fomu, na jina langu liko chini, kwa mwandiko wangu. Sitaki alikute huko, mbele ya foleni ya watu. Msomee barua hii wewe, mezani kwako, kabla hajafunga sanduku.

Nitakuwa uwanja wa ndege Jumamosi. Akinipita bila kunisalimu, nitachukua mizigo yake nimfuate nyuma kimya kimya, na unajua mimi na kimya hatujawahi kukutana.

Wasalimie Mama, shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Shaun hana salamu zozote kwenu. Mungu awatunze, na mguu upone.

Mdogo wako,
Reuben