Hoteli Niliyowachagulia

Jumapili, 3 Januari 2016. Al-Naseem, Riyadh

Kufua, viazi, kuogesha watoto. Baada ya chakula madam akanipa simu yake. Shule zimefungwa, Ijumaa tunakwenda Jeddah, watoto wanataka bembea kubwa za ufukweni. Maoni ya wageni yameandikwa Kiingereza. Nimsomee, nimwambie hoteli ipi bora.

Jeddah! Mdogo wangu Zawadi anafanya kazi huko, Al-Baghdadiyah. Miaka minne tuko nchi moja na hatujaonana. Figo zimemharibikia. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, amemruhusu arudi Kenya, anaruka tarehe 15. Mkataba wangu bado mwaka mzima. Nisipomwona sasa, naogopa sitamwona tena.

Jumatatu, 4 Januari

Hoteli tatu. Ya kwanza inatazamana na bembea, unavuka barabara tu. Ya pili ina bwawa la kina mama. Ya tatu iko mbali na bembea, lifti mbovu, wageni wamelalamika wee. Lakini iko mtaa mmoja na Zawadi.

Nimesifu ya tatu. Vyumba visafi, nikasema, wahudumu wana adabu. Lifti sikuitaja. Lulwa, kitinda mimba wao, amenuna. Mungu anisamehe, sijuti.

Jumatano, 6 Januari

Madam ameshalipia ya tatu. Nimempigia Zawadi, akacheka mpaka akakohoa. Jumamosi alasiri atanisubiri mapokezi. Nimemtolea leso ya marehemu mama. Furaha imenizidi, hata wali nimeunguza.

Ijumaa, 8 Januari

Wameondoka bila mimi.

Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Madam akasema, "Wewe baki na mama yangu, hawezi kusafiri. Hoteli uliyochagua haina chumba cha shaghala."

Zile mbili zilikuwa nacho. Nilikiona kwenye picha, kichumba hakina dirisha, nikapita tu. Shaghala, mfanyakazi wa ndani, ni mimi, na mimi ndiye niliyesahau. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Leso nimempa Musyoka, dereva wetu, Mkamba wa Kitui. Nimemwomba ampe Zawadi, amwambie siji. Mimi nimeshindwa. Mwoga mkubwa.

Jumatano, 13 Januari

Wamerudi. Madam hanisemeshi, lifti ilikwama mara mbili.

Musyoka amenisimulia. Alimkuta Zawadi mapokezi, amefika tangu adhuhuri, abaya mpya, miguu imevimba, viatu amevivua. Alipoambiwa, akaipakata leso. Akatazama taa, akatazama mazulia. Kisha akasema, "Mwambie dada hoteli ni nzuri. Amechagua vizuri."

Nimelia juu ya sinki. Najichukia.

Baadaye nilimpigia. Tukaongea habari za nyumbani, mvua, mbuzi. Hoteli hakuna aliyeitaja.

Ijumaa, 15 Januari

Ndege ya Zawadi imeruka asubuhi. Nilikuwa napiga pasi.

Lulwa alikuja akakaa kwenye kapu la nguo. Akaniuliza mwakani nitawachagulia hoteli gani.

Nikamwambia ya karibu na bembea, mama. Yoyote, bora iwe karibu na bembea.