Medali za Babu Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Zipu, zipu, zipu. Kawangware nzima imenenepa na kila mteja anasema zipu ndiyo mbovu. Nawabadilishia tu. Mimi fundi mwenyewe nina kitambi cha kushikilia kitambaa mezani.

Shangazi Zamzam amepiga simu kutoka kwake Kambi Muru. Magoti yamekataa. Jumapili, siku ya kuwakumbuka askari, hataenda kwenye makaburi ya vita. Miaka yote yeye ndiye huvaa medali za babu, baba yake, aliyepigana Burma. Sasa nivae mimi. Nimekubali kabla ya kufikiri. Najivunia. Naogopa pia.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoka kuzichukua. Nilizishika njia nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Kabla ya kunipa, Shangazi alinisomesha, mtu mzima mimi, kama mtoto wa madrasa. Siku hii ilianzia wapi? Vita vya kwanza vya dunia, nikasema. Ulaya mizinga ilinyamaza saa tano asubuhi, tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi na moja.

"Na huku?"

Akajibu mwenyewe. Huku habari ilichelewa. Askari wetu waliendelea kupigana, wapagazi wakaendelea kubeba mizigo, Ulaya imeshanyamaza. Babu yake Shangazi alikuwa huko porini na bunduki. Kwa hivyo mtu asimwambie hii ni siku ya wageni.

Nilitoka pale nimerefuka kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Aibu. Nilishona medali kwenye koti langu la harusi, kushoto, juu ya mfuko. Kazi safi hadi nikajipiga picha. Nikaenda kumwonyesha Shangazi.

"Kushoto ni kwa aliyepigana. Wewe umepigana na nani, Ramadhani? Na chapati?"

Mtoto au mjukuu wa askari huvaa kulia. Nimemwona akizivaa kulia tangu utotoni, na bado nikakosea.

Nikazifumua palepale. Akazichukua, akaziweka kifuani pake, upande wa kulia, akajitazama kwenye kioo. Mimi ndiye niliyeumia. Nikasema twende wote, nitatafuta kiti cha magurudumu. Akawaka. Binti wa askari hasukumwi mbele ya watu kama mkokoteni wa maji.

Tumeachana vibaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Sikushona nguo ya mteja hata moja. Koti mezani, medali mezani. Siwezi. Kuna mtu hai anayestahili kuzivaa na si mimi.

Nimechukua kitambaa cheupe nilichomwekea mke wangu, atanisamehe inshallah. Nimeshona gurbaba, vazi la kujifunga la wanawake wetu wa Kinubi. Nikatia kitambaa kigumu kwa ndani, kulia, ili medali zisivute.

Nimempelekea jioni. Nikamwambia: gari litakufikisha lango la makaburi tu. Ndani utaingia kwa miguu yako, hata tukiwa wa mwisho. Hakusema ndiyo. Alisema pindo limepinda. Halijapinda.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa, ananiambia nimechelewa.

Kutoka langoni tulitembea polepole mno. Walitupita maafisa, walitupita wazee wenye mikongojo. Mmoja wao, askari wa zamani, aliona medali. Akasimama wima, akampigia saluti. Shangazi aliinamisha kichwa kidogo, akaendelea na safari. Utadhani hupigiwa saluti kila siku akienda kununua sukuma wiki.

Tarumbeta ikalia. Watu wakanyamaza. Nilimpa kiwiko. Akakiachilia, akasimama peke yake. Midomo yake ilikuwa inacheza; najua ilikuwa Fatiha. Wengine wanyamaze. Yeye alikuwa na kazi.

Nililia. Nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Jumanne, 11 Novemba

Leo ndiyo tarehe yenyewe. Saa tano nilizima cherehani. Jirani muuza mboga akachungulia.

"Fundi, stima imeenda?"

Nikamwambia namkumbuka babu. Akaacha kukatakata sukuma. Akangoja na mimi.

Baadaye kidogo simu ikalia. Shangazi.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Uliketi. Nakujua."

Akakata. Jirani alikuwa amerudi kwa mboga zake. Nikasukuma kiti nyuma, nikasimama.