Kome Wasiotoka Bahari Yetu

KITUO CHA POLISI WAIHUKA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ngāwaina Hōhaia
Umri: Miaka 79
Kazi: Nimepika kwenye jiko la marae, nyumba ya ukoo wetu, hadi mgongo ulipogoma. Sasa nawaamuru wanaopika.
Makazi: Ghuba ya Te Karoro, nyumba ya mwisho kabla ya mchanga

Shule niliacha mapema, kwa hiyo konstebo anaandika nisemavyo. Nimemwambia asinirembeshee.

Mdogo wangu Hūria ana baridi yabisi ya magoti, na kisukari. Mjukuu wangu Tipene, ambaye nimemlea mwenyewe tangu hajaota meno, anauza vidonge vya unga wa kome wa mdomo wa kijani. Chupa ina picha ya marehemu mama yangu na maneno kwamba bibi zetu hawakuumwa magoti kwa sababu ya kome wa Te Karoro. Nilimwambia, "Mama alikula kome, akala viazi vitamu, akapanda kilima na gunia mgongoni. Hicho kidonge kinapanda kilima?" Alicheka. "Bibi, siku hizi watu hawana muda wa kilima."

Mwishoni mwa Januari Hūria alianza kuvimeza. Haikupita wiki, akacheza jikoni kwangu bila fimbo. Akanitania, "Dada, wewe baki na mgongo wako, mimi nakwenda kutafuta mume." Nilifurahi, sitadanganya. Lakini uso ulimjaa ukawa kama mkate wa sufuria, njaa haikumwachia, na sukari ikapanda ingawa alikuwa ameacha soda. Nikamwambia kome hawafanyi hivyo. Akasema nina wivu.

Mnamo tarehe 3 Machi, asubuhi, alitapika damu nyeusi kwenye sinki. Tulimkimbiza hospitali, akazimia njiani. Daktari, binti mwembamba, aliuliza amekula nini. Nikampa chupa. Akasema, "Bibi, unga wa kome pekee hauwezi kumfanya hivi. Naona kuna dawa nyingine imefichwa humu. Zipo ambazo ukizikatisha ghafla mgonjwa anazimia asiamke. Vimetengenezwa wapi?"

Nilimpigia Tipene simu palepale. Akasema, "Ni kome wetu, Bibi. Unga mtupu." Akakata.

Mchana huohuo nilimfuata kwenye gereji yake. Alikuwa anabandika picha za mama yangu kwenye chupa. Nikamuuliza mara tatu vidonge vilitoka wapi, na mara tatu akasema ghubani kwetu.

Sasa konstebo, andika hili vizuri. Tangu kabla ya Krismasi bahari yetu imefungwa kwa rāhui, mwiko wa msiba. Kijana wa kina Tautari alichukuliwa na wimbi pale mwambani na hajapatikana. Hakuna anayetoa kome wala mwani mpaka mwiko uondolewe. Samaki wenyewe tunanunua dukani kama wageni.

Nikamwambia, "Tipene, chupa hizi ni za mwaka huu. Kama kome ni wa hapa, umewatoa kwenye maji yenye maiti. Umemlisha Bibi Hūria mtoto wa watu."

Aliangusha gundi. "Bibi! Naapa! Sijaweka hata kidole majini!"

"Basi hakuna kome wetu humu."

Alikaa juu ya maboksi. Kwa polisi alikuwa amejiandaa kudanganya, lakini hilo la maiti hakuweza kulibeba. Akasema bahari ilipofungwa, wateja walizidi kupiga simu, naye akapata mtu wa Auckland anayeleta vidonge kutoka ng'ambo, mifuko mikubwa isiyo na maandishi. Yeye anajaza chupa tu. Nikamwambia, "Mpigie daktari." Akasema, "Watanifunga, Bibi." Nikamwambia, "Watakufunga ukiwa umesema." Alipiga nikiwa nimesimama kando yake. Alitaja jina la yule mtu, akasoma namba zilizochapwa kwenye mfuko.

Leo daktari ameniambia wamejua pa kuanzia. Hūria bado hajafumbua macho. Tipene yuko kwenye benchi lenu hapo nje. Amekuja kwa miguu yake, mimi nikiwa nyuma. Ameniomba niwaambie hakuingia baharini. Ni kweli, hakuingia, lakini aliuza jina la maji yale mtoto wa watu akiwa humo. Jumamosi kina Tautari wanakuja kuondoa mwiko, na sijui nitasimama nao kwa uso gani.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Sina la kupunguza. Nimechoka.

Sahihi: N. Hōhaia

Maandishi ya afisa: Maelezo haya yamechukuliwa nami, Konstebo L. Brannigan, tarehe 5 Machi. Nimemsomea shahidi, amekiri ni yake, akanirekebisha mahali pawili. Amekabidhi chupa moja. Ameomba picha ya mama yake ibanduliwe kabla chupa haijawekwa kwenye mfuko wa vielelezo. Nimemweleza kuwa kielelezo hakiondolewi kitu. Amesema atasubiri. Saa kumi na moja jioni bado amekaa hapa, kwenye benchi, kando ya mjukuu wake.