Bei Iliyoruka Kumi na Nane

Cicily, usikubali Kinoti wako aguse hizo hisa za ng'ambo za kwa simu! Mzee wangu Nthiga amemalizwa leo.

Karo ya unesi ya binti yetu Wanjira yote aliiweka huko. Akaacha maagizo: zikishuka hadi dola kumi na nane, ziuzwe. Jana soko lilifungwa zikiwa ishirini. Akalala kama mtu aliyefunga zizi.

Leo saa kumi na nusu jioni soko likafunguliwa. Kumi na mbili! Zikauzwa papo hapo, kumi na mbili.

Akampigia msichana wa kampuni ya hizo hisa. "Na kumi na nane yangu?"

"Mzee, bei haikupita hapo. Habari mbaya ilitoka soko likiwa limefungwa. Wale wenye kazi ya kutaja bei wakaishusha kabla ya kufungua."

Cicily, ni kama mabroka wa avokado hapa Runyenjes! Boda ikifika na gunia lako, wao wameshapanga bei.

"Lakini nilisema kumi na nane." Nthiga bado anarudia hiyo tu. Kumi na nane.

Wanjira naye, hajaambiwa kitu, anafunga sanduku la chuo. Ameniuliza kesho tunatoka saa ngapi.

Nimemwambia asisahau blanketi.