Mfalme wa Matombo Hafi Bila Mpako

Shangazi, shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Matombo mvua hainyamazi. Jana wanaparokia waliigiza ile tanzia ya kale ya Uingereza ambamo waziri anamchoma kisu mfalme. Ulitufundisha kwamba mwandishi wake alimwogopa malkia, na kwa kuwa kanisa lilikuwa la malkia, sala za Kikatoliki hakuthubutu kuzigusa. Huku wamezirudisha.

Kwenye mazoezi katekista aliuliza, "Mfalme afe bila mpako wa wagonjwa? Kwenye ukumbi wa misheni?" Diwani naye hakutaka kiongozi auawe wakati uchaguzi umekaribia. Mzee Mloka, mkulima wa ndizi aliyeigiza mfalme, aliwakatalia wote: "Ndugu zangu wanatoka Gairo kuja kuniona nakufa. Nitakufa."

Wakapatana: apakwe mafuta kwanza, na muuaji akamatwe papo hapo.

Basi waziri akainua kisu, katekista akapanda jukwaani na kichupa cha mafuta ya alizeti. Waziri akashusha kisu, akavua kofia, akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote. Sala zikarefuka. Shemeji yake Mloka akapaza sauti kutoka nyuma: "Wewe waziri, wahi! Mgonjwa anapata nafuu!"

Mloka alikufa vizuri sana, tena polepole. Aliposimama kupokea makofi, katekista alitugeukia, akasema, "Mnaona? Mpako umefanya kazi."

Nakuletea mdalasini wa huku. Usipande ngazi mpaka nije.

Mwanao,
Salma