Nilisema Hakuridhika

Njombe, Jumamosi, mwezi wa tatu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na manyunyu yanaingia mpaka chini ya mlango. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaganda. Sina hamu ya kuandika leo, ila nisipoandika nitazidi kujidanganya, na kwa kazi hiyo nimeshakuwa hodari vya kutosha.

Mimi ni mkalimani wa Boma. Wazee wakisema Kibena, mimi namweleza Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kwa Kiswahili. Naipenda kazi hii, tena najivuna nayo. Nina daftari zima la maneno niliyoyaokota kwa makarani wa pwani na kwa walimu wa misheni. Ukurasa mmoja wote ni wa mambo yasiyo ya haki: uonevu, dhuluma, upendeleo, hila. Kila neno nimeliandikia maana yake kwa mwandiko mzuri. Mjuaji mimi.

Mwezi jana Jumbe mmoja wa upande wa Makambako alimleta Mzee Lutengano barazani, akamshitaki kwamba amekaidi kwenda kazi ya barabara. Mzee alisimama, kofia mkononi, akaeleza kwa Kibena kwamba siku hiyo alikuwa anamzika mjukuu wake, na Jumbe mwenyewe alikuwepo msibani. Akamalizia taratibu kabisa: "Amekula chakula cha msiba wangu, leo ananishitaki kwa siku ileile. Huku ni kunionea."

Bwana Shauri akanigeukia, akauliza mzee anasemaje.

Nikajibu: "Anasema alikuwa na udhuru wa nyumbani, na hakuridhika."

Hakuridhika! Nani aliyewahi kushitakiwa akaridhika?

Nilijua ninachofanya. Bwana Shauri akisikia neno uonevu huweka kalamu mezani na kuanza kuuliza maswali. Nimeliona hilo mara nyingi. Akisikia udhuru wa nyumbani hupiga miayo. Siku ile alipiga miayo, akampa mzee wiki tatu gerezani, kisha akaenda kula.

Sababu yangu ni hii, na inanitia aibu kuiandika. Jumbe huyo ndiye baba mkubwa wa Elimina, ndiye aliyemlea, na barua yangu ya posa iko kwake inasubiri jibu. Aliniangalia mara moja tu kabla sijafungua mdomo. Hakunikonyeza wala hakuniomba kitu. Ningependa sana kusema alinilazimisha, lakini nilijipeleka mwenyewe.

Wiki tatu zile nilijiambia si kitu. Mzee atakula ugali wa serikali, atafyeka majani ya barabarani, atarudi kwake.

Jana nikapanda lori la Boma kupeleka matangazo Makambako. Nilikuwa nimeshuka tu pale njia panda nikasikia mtu nyuma yangu akiniamkia, "Kamwene, mwanangu." Nikamjua kwa sauti. Nilitamani kurudi kwenye lori, lakini lilikuwa limeshaondoka. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema lazima nifike kwake, hawezi kukubali nipite hivihivi.

Akanipitisha kwanza nyuma ya nyumba, kwenye mianzi yake ya ulanzi, ile pombe yetu ya mwanzi. Huku kwetu kila mtoto anajua namna inavyokwenda. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatega mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi cha kukingia, halafu asubuhi na jioni unarudi kuukata tena kidogo ili uendelee kutoa. Ukiuacha siku chache unafunga, na umefunga mpaka mvua za mwaka mwingine. Mimi mtoto wa mgema, jambo hilo halikunijia kabisa siku ile barazani.

Mianzi kumi na miwili ilikuwa imekauka ncha. Mmoja tu ulikuwa unatoa, kwa sababu mkwewe, mama wa yule marehemu, alijitahidi kuukata hivyohivyo bila kujua kugema. Mzee hakulalamika. Alinieleza tu kwamba ulanzi ule aliutega kwa ajili ya kumaliza matanga ya mjukuu wake Jumamosi ijayo, na ulanzi si kitu cha kulimbikiza. Sasa watu watakuja, na kitakachokuwepo ni hicho cha mwanzi mmoja. Mkwewe alikuwa amekaa kizingitini anachambua mboga. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaendelea na mboga zake.

Mzee akaitungua mbeta ile, akanipa yote.

"Ulinisemea vizuri, mwanangu," akasema. "Wengine kwa kosa hilihili wamekaa miezi. Kunywa."

Nikanywa.

Nilikunywa mpaka mwisho, kwa kuwa kukataa ni kumtukana, na kwa kuwa mimi ni mwoga. Ulikuwa mtamu, haujachacha hata kidogo. Utamu wake bado naukumbuka.

Leo nimefungua ule ukurasa wa daftari. Kwa ubaya ambao mtu hakuustahili ninayo maneno manne. Kwa wema ambao mtu hakuustahili nimetafuta, nikapata moja tu, nalo ni la kanisani: neema. Mchungaji wetu hulipenda. Lakini neema hutolewa na yule anayelijua kosa lako, akakupa hivyohivyo. Mzee hajui. Nilichokunywa jana ni wizi, nami nimemwibia mtu mmoja mara mbili.

Nimefikiri nimpelekee ulanzi wa kununua. Nimefikiri pia nimwombe radhi kwa siri, yeye na mimi tu, mambo yaishe. Yote mawili yananipendeza mno, ndiyo maana siyaamini.

Jumatatu nitaingia kwa Bwana Shauri na kumwambia neno alilolisema mzee, kama alivyolisema. Pengine nitatoka bila kazi. Elimina nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, na sijui atanitazamaje.

Ila liko jingine ninaloliogopa zaidi. Nilipokuwa naaga jana, mzee aliniomba nije siku ya kumaliza matanga, nisimame niseme maneno mawili kwa niaba ya nyumba yake, maana mimi ndiye msemaji wao. Jumbe naye amealikwa. Atakaa palepale alipokaa siku ya mazishi.

Nimekubali. Nitasimama mbele yao wote, na yule mama wa marehemu akiwepo, niseme nilichokifanya. Nitasema kwa Kibena, ili pasihitajike mkalimani.